Siku Dobi Alipojiandika Mwajiri

Saa moja na nusu asubuhi, chini kabisa ya jengo la hospitali, ambako wagonjwa hawafiki na wageni hawajui kama kuna watu, mwanamke mmoja anakunja shuka peke yake.

Hii si kazi ya mtu mmoja. Shuka la kitanda cha hospitali lina urefu wa karibu mita tatu, na likitoka kwenye mashine ya kupigia pasi linakuwa la moto na gumu. Wanaoijua kazi hulikunja wawili. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake anashika pembe mbili kule, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Yeye amezibana pembe zake mbili kwa vibanio vya nguo kwenye bomba la ukutani. Anarudi nyuma hatua nne, ananyoosha, anakwenda mbele hatua nne, anakunja. Bomba halisogei kumpokea, kwa hiyo kila mkunjo anaufuata mwenyewe.

Upande wa pili wa meza, madobi wenzake wanakunja wawili wawili huku wakipiga soga. Wanamaliza mashuka matatu wakati yeye anamaliza moja.

"Tumemwambia achague yeyote kati yetu," anasema mmoja wao, ambaye humu ndani wanamwita Mama Pacha. "Hataki. Anasema yeye mwenzake yupo."

Ni kweli yupo. Yupo hatua ishirini tu kutoka hapo, nyuma ya dirisha dogo ambako nguo safi huhesabiwa kabla ya kupandishwa wodini. Ni wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe. Walikunja mashuka pamoja kwa miaka tisa. Sasa ni mwaka wa pili hawajasemezana neno lolote lisilo la kazi.

"Nilimponza mwenyewe," anasema, akiweka shuka juu ya rundo. "Tena si kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningeshajua namna ya kuomba radhi."

Humu ndani alikuwa akiitwa Bosi. Jina lilianza kwa utani, na utani wenyewe ulianza na muhuri.

Bosi ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Aliingia katika chumba hiki miaka kumi na tisa iliyopita, mumewe akiwa bado hai, akiamini ni kibarua cha miezi mitatu hadi apate kitu cha maana. Kitu cha maana hakikutokea, na udobi ukamzoea. Ni mfupi, mnene wa mikono, na anatembea kama mtu anayechelewa hata akiwa amewahi. Anaweza kukuambia doa la damu limelala siku ngapi kwa kuligusa tu. Anaweza pia kukuambia mambo mengine kuhusu mashuka ya hospitali, ila anashauri usiulize kabla ya kula.

Madobi walikuwa kumi na wawili, wote wanawake. Kwa siku walifua, walikausha na kupiga pasi mashuka yasiyopungua mia sita, mbali na nguo za kijani za chumba cha upasuaji. Joto la chumba lilifika nyuzi thelathini na nane hata siku za baridi. Mume alipofariki, Bosi akamleta wifi yake kazini ili nyumba ya mama mkwe isikae bila mtu wa kuleta chochote. Wakawa wanaingia pamoja, wanatoka pamoja, na kugombana kwao kulikuwa ni juu ya nani kakunja pembe vibaya.

"Wifi alikuwa na mkono mwepesi," Bosi anasema. "Ukimtupia shuka hulioni linavyonyooka. Unaona tu limeshafika kwako."

Miaka sita iliyopita afisa utumishi wa hospitali alimwita ofisini, ghorofa ya tatu. Alikuwa hajawahi kufika ghorofa ya tatu isipokuwa kupeleka mapazia. Akapewa kiti, akapewa chai, akaambiwa kwamba hospitali inapunguza mzigo wa makaratasi. Kuanzia mwezi ule madobi wangekuwa kikundi kimoja chini ya kiongozi wao, na kiongozi angesaini kwa niaba ya wote.

"Aliniambia, 'Mama, wewe ndiye tunayekuamini.' Jamani, miaka kumi na mitatu nilikuwa nasubiri mtu aniambie hivyo. Hata chai sikuisikia utamu wake."

Mkataba ulikuwa na kurasa sita. Alisoma ya kwanza na ya mwisho.

"Za katikati nilidhani ni maneno ya kujazia," anasema.

Za katikati ndizo zilizosema kwamba yeye ni mkandarasi anayejitegemea, na kwamba madobi wengine kumi na mmoja, wifi yake akiwamo, ni wafanyakazi wake. Akasaini. Akaambiwa atafute muhuri.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba kidogo, na yeye mwenyewe hakatai. Alichongesha muhuri wa mviringo kwa fundi wa kando ya barabara, wenye jina lake na maneno "Huduma za Udobi". Aliuweka ndani ya kopo la poda lililokwisha. Siku ya kwanza aliugonga kwenye karatasi tupu kumi na moja, akampa kila mwenzake moja kama ukumbusho. Chumba kizima kikacheka hadi mashine zikajisahau zikizunguka. Mama Pacha ndiye aliyepiga saluti na kusema, "Bosi, naomba ruhusa nikanywe maji." Kuanzia siku hiyo jina likamganda.

Mengine yote hayakubadilika. Zamu zilipangwa na msimamizi wa hospitali na kubandikwa mlangoni. Mashine zilikuwa za hospitali, sabuni ya hospitali, hata vibanio vya nguo vilihesabiwa kila Ijumaa na mtu wa stoo. Mishahara ilipitia kwake kwa orodha iliyoandaliwa ghorofa ya tatu, na yeye akaigawa siku ileile, kila mtu cha kwake. Nyongeza yake ya uongozi ilitosha nauli ya siku tatu.

Kilichobadilika ni barua.

Dobi akitaka kupanga chumba, mwenye nyumba anamwomba barua ya kazini. Akitaka mkopo mdogo, barua. Mtoto akiingia shule, barua. Zamani walikuwa wakipanda ghorofa ya tatu na kusubiri wiki nzima. Sasa walipopanda waliambiwa, "Nendeni kwa kiongozi wenu." Kwa hiyo wakaja kwa kiongozi wao, na kiongozi wao alikuwa na muhuri na moyo wa kusaidia.

"Ninathibitisha kwamba mtajwa hapo juu ni mfanyakazi wangu, na ni mwaminifu." Aliyaandika maneno hayo mara arobaini na tatu katika miaka minne. Aliandikia wenye nyumba, aliandikia shule, aliandikia mabenki. Barua moja ilikuwa ya kumwonyesha mama wa mchumba wa dobi mmoja kwamba binti hakai bure.

"Na mchumba akaoa!" anasema Bosi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Ile barua ilifanya kazi kweli."

Katibu muhtasi wa ghorofa ya tatu, mtu mwema kabisa, alikuwa akimtolea nakala bila malipo. Kila alipotoa, nakala moja aliibakiza kwenye faili. Huo ulikuwa utaratibu wa ofisi tu, wala hakuna aliyekuwa na nia ya kumtega.

Ajali ilitokea siku ya Jumanne, saa tano kasoro robo.

Mashine ya pasi ya chumba hiki ina magogo mawili ya chuma yanayozunguka, moja juu ya jingine, yakiwa ya moto. Shuka linaingia kwa mbele likiwa na unyevu, linatokea nyuma likiwa limenyooka. Mbele pana chuma chembamba kinachozuia mkono usifuate nguo. Ukikigusa, mashine inasimama. Wakati huo chuma hicho kilikuwa kimekatika kwa wiki tatu. Bosi alikuwa ameandika mara tatu kwenye daftari la hitilafu la fundi wa hospitali, na mara tatu fundi aliandika pembeni, "Kifaa kimeagizwa."

Pembe ya shuka ilijikunja. Wifi akanyoosha mkono wa kulia kuiweka sawa, kama alivyofanya maelfu ya mara.

Bosi hapendi kusimulia dakika iliyofuata. Anasema tu kwamba yeye ndiye aliyebonyeza kitufe chekundu, na kwamba hajui alifikaje kwenye kitufe hicho. Walimpakia wifi kwenye toroli la mashuka mabichi, wakaingia naye kwenye lifti ya nguo chafu, wakatokea ghorofa ya kwanza, mapokezi ya dharura ya hospitali ileile.

Mapokezi wana fomu. Ajali ya kazini ina mstari wake: jina la mwajiri, saini, muhuri. Binti wa mapokezi aliuliza, "Nani mwajiri wake? Bila hapa kujazwa siwezi kumfungulia faili."

"Nikamwambia ni hapahapa, ni ninyi. Akapekua kwenye kompyuta, akasema jina lake halipo kwenye wafanyakazi wetu. Wifi yuko kwenye toroli anauma kitambaa asipige kelele. Nikasema, lete kalamu. Andika mimi."

Akaandika jina lake kwenye mstari wa mwajiri. Muhuri ulikuwa chini. Akashuka mbio ngazi arobaini na moja, akatoa kopo la poda, akapanda tena mbio, akagonga.

"Wifi aliniona nikigonga," anasema. "Akaniambia, 'Ahsante, wifi.' Nataka uandike hilo. Aliniambia ahsante."

Daktari alifika baada ya dakika tano. Mkono ulisalimika. Vidole vitatu viliungua hadi kwenye mishipa, na daktari akasema vitahitaji mazoezi ya kila siku chini ya mtaalamu kwa muda mrefu, la sivyo vitakauka visijikunje tena.

Mazoezi hayo yalidumu wiki saba. Wiki ya nane, wifi alipofika chumba cha mazoezi aliambiwa kwamba hospitali haiwezi kuendelea kumhudumia bure mgonjwa wa mwajiri mwingine. Jina lake lilikuwa limeshaondolewa pia kwenye orodha ya mshahara. Akapanda ghorofa ya tatu na mkono umefungwa. Akaambiwa, "Nenda kwa mwajiri wako."

Hakwenda kwa Bosi. Alikwenda kwenye tume ya migogoro ya kazi, akafungua shauri dhidi ya hospitali.

"Sikumshtaki yeye hata siku moja," anasema wifi. Anazungumza kupitia dirisha lake, akiwa anahesabu foronya kwa mkono wa kushoto na kuzipanga kumi kumi. Ana miaka arobaini na mmoja, uso mwembamba, sauti ya chini. "Nilishtaki hospitali. Yeye ndiye aliyejitokeza mbele."

Jibu la hospitali lilikuja likiwa nene. Lilikuwa na mkataba wa kurasa sita, barua arobaini na tatu, na fomu ya mapokezi, jina na muhuri wa buluu ukiwa umekolea vizuri. Kwa maneno machache, hospitali ilisema kwamba mlalamikaji amekosea mlango. Mwajiri wake yupo, amejiandika mwenyewe.

Kabla ya kikao cha kwanza, afisa utumishi alimwita tena Bosi ghorofa ya tatu. Safari hii hakukuwa na chai. Aliambiwa kwamba akikubali kuwa ndiye mwajiri, mambo yataisha kimyakimya, na hospitali itamfikiria wifi yake "kibinadamu". Akikataa, kazi ya udobi itapewa kampuni ya nje, na wenzake kumi watakwenda nyumbani.

"Nilirudi chini nikawatazama," anasema. "Mama Pacha na wanawe. Yule wa mchumba, sasa ana mimba. Kumi, nawajua hadi madeni yao. Halafu nikasema, wifi ni wa kwangu, wifi ataelewa. Mtu wa kwako ndiye unayemwonea, kwa sababu unadhani hana pa kwenda."

Hakumwambia wifi yake. Anarudia jambo hili mara mbili, na mara ya pili anaacha kukunja. Wiki nzima kabla ya kikao alikuwa akienda kwa mama mkwe, akikaa na wifi chumba kimoja, akimsaidia kufunga vifungo vya blauzi, na hakumwambia.

Chumba cha tume ni kidogo. Kina meza mbili zinazotazamana, feni inayolalamika, na kalenda ya mwaka uliopita. Mwamuzi alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye miwani minene. Alimuuliza Bosi, chini ya kiapo, kama mlalamikaji ni mfanyakazi wake.

"Ndiyo," akajibu Bosi.

Wifi yake alikuwa meza ya pili. Alivuta upande wa mtandio wake akafunika ule mkono.

Baada ya "ndiyo" hiyo shauri lilisimama. Hospitali ikaomba itolewe humo kabisa, tume ikaomba maelezo zaidi ya maandishi, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Ilipita miezi minane. Ahadi ya kibinadamu haikusikika tena. Katika miezi hiyo minane hakuna mtaalamu aliyeugusa mkono wa wifi, na wala yeye hakuwa na uwezo wa kwenda kwingine. Bosi alimpelekea alichoweza. Kila alipofika kwa mama mkwe, wifi aliinuka akaingia chumbani. Mama mkwe, ambaye ni mzee wa kupenda watu wote wawili, alibaki katikati akisema, "Haya, karibu mwanangu, kaa," na hakuna aliyekaa vizuri.

Kikao cha pili kilikuwa cha ushahidi. Wakili wa hospitali alimuuliza wifi swali moja alilolipenda mwenyewe: "Hapo kazini, huyu mama mlikuwa mnamwita nani?"

Wifi akajibu, "Bosi. Tulikuwa tunamtania."

"Mlimwita Bosi," wakili akasema, akaandika, akakaa.

Ndipo mwamuzi alipomgeukia Bosi. Hakumuuliza habari za mkataba wala barua. Alimuuliza mambo madogo madogo kwa sauti ya mtu anayeulizia njia. Zamu anapanga nani? Msimamizi wa hospitali. Sabuni ikiisha? Nakwenda stoo ya hospitali. Ukitaka kuajiri dobi mwingine kesho? Siwezi, wao ndio huleta. Ile mashine ikiharibika? Naandika kwenye daftari la fundi wao. Unaweza kuzitumia mashine hizo kufua nguo za hoteli? Bosi akacheka kidogo, akasema, "Mheshimiwa, wangenifunga."

"Na siku wewe ukiugua?" mwamuzi akauliza. "Unafanyaje?"

"Namwomba ruhusa msimamizi."

"Akikataa?"

"Nakwenda kazini hivyohivyo."

Mwamuzi akavua miwani. "Mama, huyo mwajiri anayeomba ruhusa ya kuugua, umewahi kumwona wapi?"

Bosi anasema hakuwa amepanga kubadili maneno yake. Hataki sifa ambazo si zake. Alikwenda pale akiwa na "ndiyo" yake ileile mfukoni. Lakini swali hilo lilimkuta vibaya, akageuka kumtazama wifi yake, na wifi alikuwa anatazama kalenda ya mwaka uliopita.

"Nikasema, Mheshimiwa, naomba nifute ile ndiyo ya siku ile."

Mwamuzi akamjibu, "Haifutwi, mama. Imeshaandikwa. Lakini unaweza kuongeza."

Akaongeza. Aliongea dakika arobaini. Alieleza chai ya ghorofa ya tatu na kurasa za katikati, alieleza kila barua na sababu yake, alieleza ngazi arobaini na moja. Alieleza pia alivyoitwa mara ya pili na alichoambiwa kuhusu wenzake kumi. Feni ikazimika umeme ulipokatika, na hakuna aliyeinuka kufungua dirisha.

Uamuzi ulisomwa wiki tano baadaye. Ulikuwa wa kurasa saba, na safari hii Bosi alizisoma zote, za katikati zikiwamo. Mwamuzi aliandika kwamba jina kwenye karatasi halimfanyi mtu kuwa mwajiri. Aliyekuwa akiamua nani aingie kazini, afanye nini, kwa mashine ya nani na aondoke saa ngapi, huyo ndiye mwajiri, na huyo ni hospitali. Madobi wote kumi na wawili walikuwa wafanyakazi wake tangu mwanzo. Bosi naye alikuwa mmoja wao.

Hospitali haikutaka kuzungumza kwa ajili ya makala haya. Ofisi ya utumishi ilijibu kwa barua ya mistari minne kwamba uamuzi umetekelezwa wote. Ni kweli umetekelezwa. Wifi alilipwa fidia, akarudishwa kazini kwenye dirisha la kuhesabia nguo, na mazoezi yakaanza upya. Kazi haikupelekwa kampuni yoyote ya nje. Mashine ya pasi ina chuma kipya cha mbele, chekundu, kinachoonekana ukiwa mlangoni. Na Bosi, katika mwaka wake wa kumi na nane kazini, alipata barua yake ya kwanza ya ajira, yenye namba. Ameiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ndoa.

Ungedhani hadithi imeisha vizuri. Madobi kumi wanaiona hivyo. Walimpokea kwa vigelegele siku ya uamuzi, na hakuna kati yao anayethubutu tena kumwita Bosi mbele yake. Wanasema "mama" au "dada".

Mtaalamu wa mazoezi alimchunguza wifi siku aliporudi. Alisema kidole cha shahada kitapata nguvu. Viwili vinavyofuata havitajikunja tena. Wifi akauliza kama vingejikunja iwapo asingekatiza. Mtaalamu, kijana mkweli kupita kiasi, akajibu kwamba kwa miezi minane ile, inawezekana sana.

Bosi alilisikia jibu hilo kwa mama mkwe, akakaa nalo. "Fidia imepigiwa hesabu," anasema. "Vidole viwili vile ni vya kwangu. Hospitali ilimuunguza. Mimi nilimkausha."

Wifi hana hasira ya kelele. Alipoulizwa kama amemsamehe, alimaliza kwanza kumi ya foronya, akaifunga kwa kamba kwa kutumia mkono wa kushoto na meno.

"Fomu ya mapokezi sikumlaumu, na simlaumu. Alitaka nitibiwe. Barua zile hata mimi aliniandikia, ndiyo niliyopatia chumba kabla sijarudi kwa mama." Akavuta foronya nyingine. "Mkono nimeshauzoea. Ile 'ndiyo' ndiyo bado. Tulikuwa chumba kimoja wiki nzima, ananifunga vifungo. Angeniambia tu, 'Wifi, kesho nitasema hivi, na sababu ni hii.' Huenda ningemwambia aseme. Wale kumi hata mimi ni wenzangu."

Kisha akaongeza kwamba foronya zinamsubiri.

Bosi amebakiza miaka miwili kustaafu. Wengi wa rika lake wana mpango wa duka au wa kuku. Wake haumo kwenye hesabu hizo. Kwa miezi mitano sasa, mara mbili kwa wiki akitoka kazini, anapanda chumba cha mazoezi na kumwomba yule kijana mkweli amfundishe. Amejifunza namna ya kukanda kiganja kilichokaza, kidole gumba kikianzia kwenye mfupa wa chini. Amejifunza kuloweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuunyoosha, na kutolazimisha. Hufanyia mazoezi mkono wake mwenyewe jioni, akiwa mbele ya jiko. Binti yake analalamika kwamba mboga zinaungua.

"Mtaalamu anasema vile viwili havitarudi, lakini ukivikanda kila siku maumivu ya baridi yanapungua," anasema. "Wifi anaumwa sana na baridi, mama mkwe ameniambia. Basi mimi nimejifunza. Nimeshaiva. Kilichobaki ni yeye kunipa mkono tu. Asiponipa mwaka huu, atanipa mwakani. Nikistaafu nitakuwa na muda zaidi wa kumsubiri."

Saa sita mchana rundo lake limefika kifuani. Analipakia kwenye toroli, analisukuma hatua ishirini hadi dirishani. Ndani ya dirisha wifi anahesabu bila kuinua macho, kumi, ishirini, hadi themanini. Anaandika hati ya kupokea kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zenye kuyumba, anaisukuma nje.

Katika chumba hiki chote amebaki mtu mmoja anayemwita kwa jina lile la utani, na huyo hatanii.

"Saini hapo, Bosi."

Bosi anachukua kalamu. Upepo wa kikaushio unavuma kutoka nyuma, karatasi inaanza kuteleza ukingoni. Wifi anatoa mkono wa kulia dirishani, ule wenye vidole viwili vilivyonyooka, anauweka juu ya karatasi ili isianguke.

Bosi ana jina fupi. Leo analiandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayejifunza kuandika.